Yaya Analea, Hashoni

Lodwar, 19 Agosti 2012

Mdogo wangu Ilunga,

Ejok! Ndiyo, siku hizi nasalimia hivyo. Miaka kumi na mbili ya kuolewa na Mturkana si mchezo. Shemeji yako Emuria anakusalimia, alikwenda Namoruputh kuangalia mbuzi na amerudi mwembamba kuliko hao mbuzi. Mimi mzima, ila goti. Jirani yangu Achan, yule wa makaa, binti yake amekataa mchumba wa pili. Huyu alikuwa na pikipiki, na bado amekataa! Mtaa mzima hatulali, tunauliza anangoja nani. Nikijua nitakuambia.

Sasa wewe. Nimekupigia simu mpaka kidole kinauma. Inalia, hushiki. Jana Nyabol wa samaki kavu amekuja kutoka huko Kakuma, ananiambia hata hajakaa vizuri: ati mwezi wa saba upepo uling'oa mabati ya jirani yako, bati moja likakukata shavuni mbele ya sikio. Mwezi wa saba! Mimi dada yako wa pekee nasikia kwa mtu wa samaki. Anasema kidonda kimefunga lakini upande wa kushoto wa uso umelala, kama hema imekatwa kamba. Nikamwambia toka hapa na uongo wako. Halafu nimelia.

Sylviane naye amenipigia mimi shangazi yake Jumapili kutoka Kanada. "Tantine, mbona baba hashiki simu?" Mtoto anasoma hata usiku, anauliza baba yake yuko wapi. Nimemwambia simu yako imeanguka chooni. Mungu anisamehe.

Nyabol atakupa hii barua. Nimemwambia asirudi bila jibu.

Ni mimi, yaya yako, nisiyelala vizuri,
Mathilde


Kakuma, 2 Septemba 2012

Yaya Mathilde,

Salamu kwako na kwa shemeji. Huku kuna vumbi, lakini tuko.

Nyabol hakusema uongo. Simu nimeacha. Midomo haifungi, kwa hiyo herufi zinatoroka. Nikisema "baba" inatoka "aa". Nikinywa chai inatokea pembeni. Jicho la kushoto halifumbi, nalala nimelifunga kitambaa. Tarumbeta yangu nimempa kijana Ruot wa kanisani. Anapiga kama mbuzi anayekabwa, na wakristo wanasema amina.

Daktari wa hapa anasema mshipa wa fahamu wa uso ulikatika. Nyama ilishonwa, mshipa haukushonwa.

Sylviane asijue. Mwaka jana alisikia nina malaria tu, akataka kuacha shule arudi. Usimwambie mtu yeyote. Nakujua.

Ilunga


Lodwar, 7 Oktoba 2012

Ilunga mdogo wangu wa pekee,

Huku tunachekwa na jua, lakini tuko hai. Binti wa Achan bado. Emuria ameota jino la nyuma, na umri wote huo, ananguruma nyumba nzima.

Sijamwambia mtu. Achan anajua kwa sababu alinikuta nalia, na mama wa kwaya anajua kwa sababu ya maombi, na mwenye duka aliuliza mwenyewe. Lakini Sylviane hajui, naapa kwa Bikira.

Sasa kaa chini nikuambie kitu cha kufurahi. Nimemuuliza Sylviane, kijanja tu, siku hizi unafanya kazi gani huko kwa maabara? Weee, mtoto alifunguka kama bomba! Ilunga, anafanya kazi ya uso! Ya panya, lakini uso ni uso. Wanakata mshipa wa uso wa panya, halafu wanaangalia ubongo wake kwa ile darubini ya vitu vidogo. Anasema ndani ya ubongo kuna seli zinazopeleka amri, na pembeni kuna seli zingine kama nyota, zina mikono mirefu, zinazishika hizo za amri. Zamani wakubwa wa shule walisema hizo nyota ni gundi tu. Sylviane anasema hapana, ni yaya. "Tantine, ni yaya wa zile seli."

Halafu ngoja. Kila nyota ina jiko lake katikati. Lakini wameona mikono nayo inapika, huko mbali kwenye ncha, bila kungoja chakula kitoke katikati! Inapika protini. Anatia rangi, na mahali protini mpya imetengenezwa panawaka. Amenitumia picha, nimeenda kuichapisha kwa kijana wa studio, naiweka humu ndani. Ona hizo alama za kijani kwenye ncha za mikono. Ni kama Kakuma usiku, kila mtu na jiko lake. Na mshipa ukikatwa, anasema, hiyo mikono inabadilisha mapishi, inashughulika kabisa.

Umeelewa? Yaya wako mwenyewe yuko kichwani anapika protini ya kutengeneza uso! Kazi yako ni kumletea vitu vya kupika. Protini, Ilunga. Ile ile tuliyofundishwa kambini kwenye mgao wa chakula: maharagwe, njegere. Kula maharagwe asubuhi, mchana, jioni. Na usihangaike na madaktari.

Wako anayecheza peke yake jikoni,
Mathilde


Kakuma, 25 Novemba 2012

Yaya,

Barua yako imechelewa, Nyabol alikuwa na homa. Amepona.

Nimekula maharagwe wiki nyingi sasa. Mahindi yote nimebadilisha kwa maharagwe. Jirani Mou ameomba nihamishe kitanda kutoka ukuta wa kwake. Anasema tangu vita hajasikia mambo kama hayo.

Uso haujasogea. Jicho limekuwa jekundu, vumbi linaingia. Kule kliniki wametangaza madaktari wa kushona mishipa watafika Lodwar wiki ya kwanza ya Desemba. Mwuguzi alitaka kuniandikia nipate kibali cha kutoka kambini. Nilimwandikia kwenye karatasi: asante, hapana. Ubongo unajipikia. Wewe mwenyewe umesema nisihangaike, na mtoto wangu ndiye amesoma.

Picha nimeibandika juu ya kitanda. Ni nzuri.

Ilunga


Lodwar, 13 Januari 2013

Ilunga, Ilunga, Ilunga,

Heri ya mwaka mpya, halafu salamu zingine zitafuata. Barua yako imefika juzi! Nyabol alipitia Kaaleng kwa shemeji yake akakaa Krismasi yote huko, na barua yako kwenye mfuko wa samaki. Inanuka mpaka sasa. Madaktari wamekuja, wamefanya kazi, wameondoka! Nimewaona kwa macho yangu wakinunua soda, na sikujua!

Jana nimempigia Sylviane mimi mwenyewe. Kwa akili sana. Nikamwambia nataka kujua habari za panya.

"Panya gani, Tantine?"

"Huyo wako wa uso. Yaya akishampikia, uso unarudi lini?"

"Haurudi hivyo. Yaya hashoni mshipa."

"Kwani si ni yaya? Si ndiye mkubwa wa nyumba?"

Akacheka, Ilunga. Mtoto wako alicheka mpaka simu ikakwaruza. Anasema, "Tantine, yaya wa Kenya! Dada wa kazi! Anayebeba mtoto mama akiwa hayupo!" Unaona shida? Sisi kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, akisema mambo yanaenda. Mimi nilijua huko kichwani kuna dada mkubwa kama mimi. Kumbe ni msichana wa kazi! Huyu mtoto amekulia Kakuma, anasema Kiswahili cha hapa, na mimi nikasikia cha kwetu.

Nisikilize vizuri sasa. Hizo nyota zinailea ile seli ya amri iliyopata ajali ya mkono. Zinavimba, zinaizunguka, zinabadilisha zinachopika pale pale kwenye ncha. Kama ni ya kusaidia au ya kuharibu, Sylviane anasema hilo ndilo bado wanatafuta, na atakayejua kwanza atafurahi sana. Lakini huo mkono uliokatika, ndio mshipa wenyewe, uko nje, kwenye shavu. Hapo yaya hafiki. Ncha mbili zikiachana, zinatakiwa kushonwa na mtu mwenye sindano. Na protini ya ubongo haihusiani na maharagwe! Anasema mtu akila vizuri inatosha, si gunia.

Nikamuuliza: na asiposhonwa? Akauliza: panya au mtu? Nikasema panya. Akasema panya mshipa wake ni mfupi, mara nyingine unajikuta wenyewe. Nikamwambia, sema ni panya mkubwa. Panya mzee kidogo, mwenye heshima zake kanisani.

Safari hii hakucheka.

Halafu akasema polepole: nyama za uso zikikaa mwaka mmoja, mwaka na nusu bila mshipa, zinasahau kazi. Baada ya hapo hata ukishona haziamki.

Wewe umekatika Julai. Hesabu mwenyewe. Madaktari watarudi Aprili, nimeuliza hospitali, nimeuliza mlinzi, nimeuliza hata anayefagia. Anza kutafuta kibali leo.

Mathilde


Kakuma, 3 Februari 2013

Yaya,

Panya mwenye heshima zake kanisani.

Umemwambia. Nilikuomba kitu kimoja. Sitakuja Lodwar kukaa mbele ya watu wakinigeuza uso kama papai sokoni, halafu habari ifike Kanada kabla sijashuka kitandani.

Sylviane ameomba picha yangu. Nimepigwa, naiweka humu. Mtumie. Mwambie niko salama, nina kazi nyingi.

Maharagwe nimeacha. Mou anakushukuru.

Ilunga


Lodwar, 11 Machi 2013

Mdogo wangu mkali,

Ejok nooi hata kama umeninunia. Kura imepita salama, Emuria amesimama kwenye foleni tangu asubuhi na kidole chake kina wino, hataki kukiosha. Binti wa Achan amekubali mtu! Mwalimu, hana pikipiki hata baiskeli. Nimekosa maneno, na wewe unajua mimi kukosa maneno ni nini.

Ile picha nimemtumia. Nilipoiona nilisema Ilunga ni mjanja, amesimama upande wa kulia tu, ameshika mlango, anaangalia mbali kama mbunge. Nikasema imepita.

Haijapita. Huyu mtoto kazi yake ni kuangalia picha tangu asubuhi mpaka jioni, anatafuta alama isiyoonekana kwenye ncha ya mkono wa seli ya panya. Wewe ulifikiri utamficha uso mzima? Amenipigia jioni hiyo hiyo. Hakulia. Ningependa angelia. Alisema, "Tantine, toka aondoke mama, baba hajawahi kupigwa picha bila kuangalia kamera. Ni upande gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Ni kushoto. Jicho linafumba?"

Ilunga, sikusema neno. Nilikaa kimya kwa simu, na kukaa kwangu kimya kukamwambia yote. Nani alijua kwamba mimi nikinyamaza ndiyo nasema?

Harudi. Usiogope. Alichosema, nimekiandika kwa mkono wangu kama alivyosema: "Mwambie baba siachi shule. Kila siku naangalia seli ambayo mkono wake umekatika, na yaya wake wote wamesimama karibu na sufuria, wanangoja. Sikujua ni yeye. Mwambie aende ashonwe. Mengine tutabishana baadaye."

Basi. Madaktari wanafika tarehe kumi na tano Aprili, wanakaa wiki moja. Ukikataa nitakuja Kakuma na goti langu, nikupige mbele ya Ruot.

Yaya yako, na sisemi wa Kenya,
Mathilde


Lodwar, 17 Aprili 2013, asubuhi

Ilunga,

Hakuna salamu. Uko wapi? Nyabol amesema umekubali na kibali umepata. Madaktari wamefika Jumatatu, jina lako limeitwa jana, nimesema anakuja, limeitwa tena leo, nimesema anakuja. Daktari mwanamke ananiangalia kama mwongo. Mvua imenyesha huko juu, laga zote, yale makorongo makavu, zimejaa maji, magari yamesimama. Hii nampa Ayuen wa lori anakwenda mpaka kwenye maji. Kama uko ng'ambo ya pili, vuka. Sijui utavukaje. Kibali chako kinaisha lini? Vuka.

M.


Kakuma, 9 Juni 2013

Yaya Mathilde,

Salamu. Nimefika salama, jirani wote wamekuja kunitazama, wamekunywa chai yangu na kuondoka.

Sikupata nafasi ya kukuambia pale hospitali, ulikuwa unaongea. Barua yako Ayuen aliipiga kelele kutoka ng'ambo, neno kwa neno, watu wote wa basi letu wakasikia. Alipofika "vuka", mama mmoja Mturkana akanishika mkono bila kuniuliza. Tulivuka kumi na wanne kwa kamba, maji kifuani. Vijana wa pale walituvuta wakiimba. Nilimeza maji mengi, mdomo haukufunga.

Daktari alisema amekuta ncha mbili zimeachana, akachukua mshipa mdogo wa mguu akaunga katikati. Sasa ukingo wa mguu hausikii kitu. Nimetoa mguuni nimepeleka usoni, na usoni hakuna kitu bado. Kila asubuhi naangalia kioo. Kila asubuhi ni yule yule.

Usinipe matumaini, tafadhali. Niandikie habari za watu.

Ilunga


Lodwar, 22 Septemba 2013

Mdogo wangu,

Umesema habari za watu, basi shika. Binti wa Achan ameolewa na mwalimu, mvua ikanyesha siku ya harusi, keki ikalowa, tukaila na kijiko. Emuria ameng'oa lile jino. Mtu wa Kapedo amemuuzia mbuzi wa kike ambaye amegeuka kuwa wa kiume, usiniulize.

Matumaini sikupi. Nakuuliza tu: leo vipi? Na jana? Naamka usiku naenda kioo cha kwangu nafumba jicho la kushoto, nione inavyokuwa. Emuria anasema nimerukwa na akili. Sylviane anasema mshipa unaota polepole kama ukucha, na hata yeye hawezi kuniambia siku. Nimemwambia mlienda shule kufanya nini? Akasema, "Kujifunza kungoja, Tantine." Mimi hilo somo silitaki.

Sijui kukaa, Ilunga. Nafagia mahali nimeshafagia. Andika hata mstari mmoja.

Mathilde


Kakuma, 8 Desemba 2013

Yaya Mathilde,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa huyo mbuzi. Ningekupigia simu, maana siku hizi "baba" inasikika kuwa "vava", lakini wewe kwa simu humwachi mtu amalize.

Mzee Mou amefariki. Tumemzika Jumanne, kanisa lilijaa mpaka nje. Pasta akasema tuombe. Nikainamisha kichwa nikafumba macho, kama siku zote, na kidole tayari cha kushikilia jicho la kushoto.

Kidole hakikuhitajika. Limefumba lenyewe. Si lote, lakini giza liliingia.

Nikahisi na kitu kingine: mdomo umepanda. Pembe ya kushoto, juu, peke yake. Nikafungua jicho, mdomo ukashuka. Nikafumba, ukapanda. Nilipotazama, Ruot ananikodolea macho na tarumbeta mkononi. "Mzee," ananong'ona, "unacheka msiba?" Mjane wa Mou naye ameona. Alikuwa mbele yangu kabisa.

Alhamisi nilikwenda kwa Wasomali wa intaneti, nikamwomba kijana anifungulie Sylviane kwenye kioo cha kompyuta. Mara ya kwanza kuniona tangu ajali. Nilimgeuzia upande wa kushoto. Nikamwonyesha: nafumba, mdomo unapanda. Aliniambia mshipa ulipokuwa unaota matawi yalipotea njia, moja la jicho likaingia mdomoni. Anasema hilo halitatoka, labda litapungua nikifanya mazoezi. Tarumbeta, hajui. Alisema, "Fumba tena, baba." Nikafumba. "Tena." Amenifumbisha mpaka Msomali akauliza kama tunaomba.

Mjane wa Mou amekataa salamu yangu mpaka leo. Nimemtuma Nyabol amweleze habari za mishipa na matawi, kwamba sikuwa nacheka, ni ugonjwa.

Lakini wewe nakuambia kweli, yaya. Jicho lilipofumba, nilikuwa nacheka.

Ilunga